Nani Aipime Dawa ya Miti?



Mwaka juzi shangazi yangu alikatwa mguu. Nitakueleza sababu, kisha tuulizane jambo moja.

Shangazi ana ugonjwa wa kisukari. Kwa miaka sita alimeza vidonge vya hospitali, na sukari yake ilikaa vizuri. Siku moja alikwenda mnadani kuuza kuku watatu na kununua chumvi. Akamkuta mtu mwenye kipaza sauti, amesimama juu ya gari. Mtu yule alisema dawa yake ni ya miti mitupu na inaponya magonjwa 40. Inaponya kisukari, shinikizo la damu, ngiri, tumbo, hata mikosi. Akasema pia: ukianza dawa hii, acha vidonge, maana dawa hizo hugombana mwilini. Chupa moja shilingi 15,000. Shangazi akanunua chupa mbili. Chumvi akaisahau.

Baada ya miezi miwili kidonda kilitoka kwenye kidole cha mguu. Hakikupona. Tulipomfikisha hospitali, nyama ilikuwa imeoza hadi kwenye kifundo.

Mimi nilimtafuta muuzaji katika minada mitatu. Hakuna aliyejua jina lake. Nikaitazama chupa. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa. Haikuandikwa jina la mti, wala kipimo, wala tarehe, wala jina la aliyeitengeneza. Kazi yangu ni kufundisha watu kusoma, na pale hapakuwa na kitu cha kusoma.

Sasa swali ni hili. Je, Serikali isimamie dawa za miti, au iwaachie wenyewe?

Wako wanaosema iache. Husema dawa hizi ni mali ya babu zetu, na Serikali ikitia mkono itatunyang'anya. Siwacheki. Wakati wa ukoloni mganga wa mitishamba na mchawi walitazamwa kwa jicho moja, na wazee hawajasahau. Lakini mimi nasema isimamie. Sisemi hivyo kwa kuidharau miti.

Fikiri juu ya kwinini. Ilitoka katika gamba la mti wa Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 wataalamu wawili wa Ufaransa waliitenga dawa yenyewe kutoka katika gamba hilo. Tangu hapo iliwezekana kuipima, kila mgonjwa apate kiasi chake. Fikiri pia juu ya dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati. Sehemu yake moja asili yake ni mmea wa China uitwao artemisia, ambao hapa kwetu wengine huuita pakanga. Mama mmoja wa China, Tu Youyou, pamoja na wenzake waliigundua dawa iliyomo mwaka 1972, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Majani yale yale ukiyachemsha kama chai, hujui umekunywa kiasi gani. Kikiwa kidogo, vijidudu vya malaria havifi vyote. Vinavyobaki huweza kuizoea dawa. Basi mti ni mzuri, lakini bila kipimo ni kubahatisha.

Tena si kila kinachoitwa mti ni mti. Katika nchi nyingi wapimaji wamekuta vidonge vya kiwandani vimesagwa na kutiwa kwa siri ndani ya dawa za asili. Viko vinavyotuliza maumivu ya viungo upesi, na huku vinapandisha sukari. Mgonjwa husifu majani, kumbe amemeza kitu kingine.

Kwetu Tanzania jambo hili si geni. Kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974. Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na inamtaka mganga ajiandikishe. Sheria ipo. Shida ni kwamba hufika imechelewa. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wataalamu walikwenda kuichunguza dawa wakati foleni ya magari imekwisha kuwa ndefu. Baadhi ya wagonjwa walifariki njiani.

Sitaki askari amfuate bibi anayemchemshia mjukuu wake mwarobaini. Huyo anatibu nyumbani, hauzi, na anajulikana. Namtaka yule wa kipaza sauti. Anayeuza kwa watu asiowajua aandike jina lake, jina la mti, kipimo na tarehe. Dawa yake ipimwe kabla ya kuuzwa. Na anayemwambia mgonjwa aache vidonge vyake ashtakiwe.

Wewe sasa unajua kusoma. Ukipewa chupa, igeuze uisome kabla hujatoa fedha. Uliza cheti cha mganga, ukisome pia. Usiache dawa ya hospitali mpaka uzungumze na aliyekupa.

Lakini Serikali nayo iwafuate waganga walipo. Katika darasa letu yuko mzee anayeunga mifupa iliyovunjika. Watu humjia kutoka vijiji vya mbali, na yeye hufunga miti, hapigi ramli. Alikwenda wilayani kujiandikisha. Akaambiwa arudi na barua ya kijiji na picha. Nauli ya kwenda na kurudi ni kama kibarua cha siku mbili, na mnadani wenye vipaza sauti wanaendelea kuuza bila kuulizwa barua. Mzee amekwisha kupata barua. Fomu ameijaza mwenyewe kwa mkono wake, pale darasani, jioni mbili. Bado nauli.