Deni la taa lisiwe doa la maisha

Mtumishi wa umma anayehamishiwa Kaliua hushuka stesheni na barua ya uhamisho mkononi, masanduku na godoro nyuma yake. Akishapata nyumba ya kupanga, kazi yake ya kwanza jioni ile ni kununua umeme. Hapo anaweza kukuta kwamba fedha aliyotoa na uniti alizopata havilingani, kwa sababu sehemu ya fedha yake imekatwa kulipia deni lililoingizwa katika mita kabla yeye hajafika. Mpangaji aliyelifanya amekwisha kuondoka. Deni limebaki ukutani, likimngoja mgeni.

Jambo hili laweza kuonekana dogo. Hata hivyo ndani yake mna swali ambalo watumishi, walimu na wakulima wa wilaya hii hawana budi kulitafakari: deni la nishati ni la nani, huandikwa wapi, na mtu aliyekubali kulilipa kidogo kidogo huhesabiwa kuwa nani mbele ya benki? Je, ni mwaminifu aliyepatwa na shida, au ni mdaiwa sugu?

Tuanze na ukutani. Zamani umeme ulitumiwa kwanza, ankara ikafuata mwisho wa mwezi. Utaratibu wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, uligeuza mambo hayo juu chini, na kwa sehemu kubwa ulizuia madeni mapya yasizaliwe. Lakini mita ya LUKU haikuacha kuwa mkusanyaji wa madeni. Deni linapoingizwa katika namba ya mita, hukatwa kwa yeyote anayenunua umeme kwa namba ile. Mwaka 2021 hata kodi ya majengo iliingizwa humo, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na papo hapo wananchi wakauliza iwapo ni haki mpangaji amlipie mwenye nyumba kodi yake. Mita haimjui mtu. Inaijua nyumba tu.

Katika vitongoji ambavyo nguzo hazijafika mlangoni, taa imekuja kwa njia nyingine. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010 makampuni ya umeme wa jua yamekuwa yakiuza mitambo kwa mkopo katika Afrika Mashariki, mojawapo likianzia Arusha na jingine Nairobi. Mnunuzi hutoa kianzio, akapewa paneli, betri, taa na pengine redio, kisha hulipa kwa simu kila siku au kila wiki kwa muda wa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Akichelewa, mtambo hujifunga wenyewe na nyumba hubaki gizani mpaka alipe. Sasa hata gesi ya kupikia huuzwa kwa kiasi kidogo kidogo namna hiyo katika baadhi ya miji yetu, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni dhahiri basi kwamba nishati ya mkopo itaingia katika nyumba nyingi zaidi, kutoka sebuleni hadi jikoni.

Mbali na mita na mtambo, liko daftari la tatu ambalo wengi wetu hatulioni. Kwa kanuni za mwaka 2012, Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha mfumo wa taarifa za wakopaji. Mabenki hupeleka humo habari za mikopo yao, na makampuni yaliyopewa leseni huzikusanya na kumpa mkopeshaji ripoti ya mtu anayeomba fedha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaingiza wakopeshaji wadogo nao chini ya usimamizi. Daftari hili halifuati nyumba. Linamfuata mtu, kutoka Kaliua mpaka Mtwara. Mwalimu anayeomba mkopo wa kujenga kibanda chake husomwa humo kabla hajakaa kitini mbele ya ofisa wa benki.

Nia ya daftari hilo ni njema, wala si jambo geni katika nchi hii. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Ujiji ilipita Tabora, na misafara ile iliendeshwa kwa mkopo. Tippu Tip alichukua bidhaa Unguja kwa amana ya Tharia Topan, akaingia nazo bara kwa miaka, na mkopeshaji akangoja. Ilikuwa biashara ya pembe na ya watumwa, wala hatuitamani. Lakini inatufundisha jambo moja: mkopeshaji wa wakati ule alijua kwamba msafara hauwezi kulipa kila wiki. Alipima sifa ya mtu kwa safari nzima, kutoka kuondoka hadi kurudi, na hakumhukumu kwa siku moja ya njiani.

Mkulima wa tumbaku wa Kaliua naye ni msafiri wa namna hiyo. Huchukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, hulima, huvuna, hukausha, na fedha huiona masoko yanapofunguliwa. Mkulima huyu akichukua mtambo wa jua unaodai shilingi 1,000 kila siku, kwa mfano, atalipa vizuri baada ya soko, na mnamo Januari, chakula kinapopungua ghalani na karo kudaiwa, atachelewa. Je, ni mlipaji mbaya? Kwa hesabu ya siku, ndiyo. Kwa hesabu ya msimu, huenda akawa mmoja wa walipaji bora wilayani. Kosa liko katika kalenda aliyopimiwa.

Mwalimu hupokea mshahara kila mwezi, lakini naye ana mipaka yake. Utaratibu wa serikali unataka makato yasishushe mshahara wa mtumishi chini ya theluthi moja. Makato ya mita na malipo ya simu hayamo katika hesabu hiyo. Hutoka katika theluthi ileile iliyoachwa ili mtu ale. Ndiyo maana mtumishi anayeonekana salama katika karatasi ya mshahara anaweza kuwa amezama.

Nchi nyingine zimekwisha kuyapitia haya. Nchini Uingereza makampuni mengi ya umeme na gesi hupeleka habari za malipo ya wateja wao kwa mashirika ya taarifa za mikopo. Deni likitangazwa kuwa limeshindikana, alama yake hukaa katika kumbukumbu za mtu kwa miaka 6. Mteja aliyekubaliana na kampuni kulipa kiasi pungufu anaweza kuandikwa kwamba yuko katika mpango wa malipo, nayo ni alama nyepesi kuliko ile ya kushindwa, ingawa wakopeshaji huiona. Na yule anayelipa kabla ya kutumia, kama sisi wa LUKU, kwa kawaida haachi kumbukumbu yoyote, njema wala mbaya. Maskini anayelipia taa yake kila siku bila kukosa husomwa kama mtu asiyejulikana.

Jirani zetu wa Kenya walijifunza kwa njia ngumu zaidi. Mikopo ya simu ilipofurika, watu wengi waliingizwa katika orodha mbaya kwa vijisenti, hata mwaka 2020 Benki Kuu ya nchi hiyo ikapiga marufuku kuandikwa kwa mtu kwa deni lisilofika shilingi 1,000 za huko. Mwezi Novemba mwaka 2022 ikatangazwa mpango wa kuwarekebishia kumbukumbu wakopaji zaidi ya milioni 4 wa mikopo ya simu. Wakopeshaji wapunguze angalau nusu ya deni, mkopaji akubaliane nao namna ya kulimaliza lililobaki, na jina lake lihamishwe kutoka upande wa walioshindwa kwenda upande wa wanaolipa. Tunaona busara katika hatua hiyo ya mwisho. Makubaliano ya kulipa yalihesabiwa kuwa mwanzo wa kujisafisha, badala ya kuwa ushahidi wa hatia.

Watakuwapo watakaosema kwamba tunawatetea wadaiwa sugu. Sivyo. Anayeunganisha umeme kwa wizi, na anayeng'oa paneli na kuhama nayo usiku, wanawaibia wenzao, kwa kuwa fedha ile ingefikisha taa kitongoji kingine. Lakini tuseme ukweli wote. Mwezi Machi mwaka 2017 Rais John Magufuli, akiwa Mtwara, aliiagiza TANESCO iwakatie umeme wadaiwa wote, zikiwamo taasisi za serikali. Agizo hilo lisingehitajika kama ofisi zetu zingekuwa zinalipa kwa wakati. Mnyonge mwenye mita ya LUKU hukatiwa dakika ileile uniti zinapokwisha, lakini ofisi kubwa zilidaiwa na ziliendelea kuwasha taa. Haki ya madeni ikianza kwa mdogo na kuishia kwake, hiyo si haki.

Kwa hiyo tunatoa rai nne.

Kwanza, deni limfuate aliyelifanya. Nyumba inapobadilisha mpangaji, mwenye nyumba na wapangaji wote wawili wapate salio la mita, waliandike na kutia saini. Maofisa utumishi na wakuu wa shule wanaweza kulifanya jambo hili katika nyumba za watumishi hata kesho, bila kungoja waraka.

Pili, daftari liandike mema kama linavyoandika mabaya. Kampuni inayomkopesha mtu mtambo na kutaka jina lake lijulikane anaposhindwa, na ilifikishe pia jina lake anapomaliza. Miezi 24 ya malipo ya taa ni ushahidi wa uaminifu kuliko barua nyingi za utambulisho.

Tatu, mpango wa kulipa kidogo kidogo uandikwe kwa jina lake. Mtu aliyekwenda mwenyewe kueleza shida yake kabla ya kushindwa, akapewa awamu na kuzitimiza, asiwekwe safu moja na aliyezima simu. Akimaliza, alama ifutwe au isomeke kwamba amemaliza. Tukimwadhibu aliyejitokeza sawasawa na aliyejificha, tutakuwa tumewafundisha wote kujificha.

Nne, ratiba ya malipo ifuate kipato. Mkulima wa tumbaku apewe nafasi ya kulipa sehemu kubwa baada ya soko, na siku za ukame wa fedha zisihesabiwe kuwa za uasi. Vyama vya msingi vinavyojua kukata madeni ya pembejeo kwa msimu vinaweza kuwafundisha wenye mitambo kazi hiyo.

Upande wetu sisi wasomaji upo wajibu pia. Mwalimu kijijini ndiye anayeitwa kusoma mkataba uliojaa maandishi madogo. Asiusome haraka. Amwulize muuzaji mbele ya mzazi: jina la mnunuzi litapelekwa wapi, akichelewa itakuwaje, akimaliza atapewa hati gani? Makubaliano yoyote ya awamu yawe kwa maandishi, na risiti za simu zitunzwe. Kila mtumishi afahamu kwamba anayo haki ya kuona taarifa zake za mikopo na kupinga zisizo za kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, nayo inampa mwananchi haki ya kudai taarifa zake zisahihishwe. Haki isiyodaiwa hulala kama mali ya marehemu asiye na warithi.

Taa imeingia Kaliua, na hakuna anayetaka kurudi kwenye koroboi. Mtoto anayesoma usiku chini ya balbu ya mkopo anastahili kukua na kukuta jina la mzazi wake ni safi, kwa sababu mzazi huyo alilipa, hata kama alilipa polepole. Kulipa polepole ni kulipa. Daftari lolote lisiloweza kuandika hivyo linamsema mtu uongo, na hatuna budi kulirekebisha.