Kabla hujamwaga kabro, maji yataenda wapi?

Sikia, kama wazee wamekuachia kaploti pale Majengo, Embu, au upande wa Makutano, Meru, najua unachowaza. Nyuma uongeze vyumba viwili vya kupangisha. Mbele ung'oe maua ya mama, umwage kabro ili Probox na tuktuk zote ziingie. Pesa ya chama imetoka, fundi yuko tayari. Kibali je? "Hiyo tutaona baadaye."

Mjomba wangu kule Embu alisema hivyo hivyo. Fundi akamshauri ajenge wikendi, kanjo wakiwa wamelala. Jumatatu moja akaamka, akakuta X nyekundu ukutani. Lakini si hiyo iliyomuuma zaidi. Mvua ya Aprili ilipokuja, maji ambayo zamani yalinywewa na udongo wa ua yaliteleza juu ya kabro hadi kwa jirani wa chini, mama mjane. Godoro likalowa, unga ukaharibika. Hawa ni watu waliokuwa wakisaidiana hadi kwenye mazishi. Sasa hata salamu hakuna.

Miji yetu hii imekaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Ukiziba ardhi huku juu, maji hayapotei. Yanamtafuta aliye chini. Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema kibali ni njia tu ya kaunti kutukamua. Ramani yako ikipitiwa, kuna mtu anayefaa kuuliza mtaro uko wapi, ukuta uko mbali kiasi gani na mpaka, na gari litatokea wapi bila kugonga watoto wanaoenda shule.

Na sheria haichezi. Ile ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inagusa kazi yoyote inayofanywa juu ya ardhi, kwa hivyo usidhani ni magorofa peke yake. Ukianza bila kibali, faini inafika Sh500,000 au jela miezi miwili, au vyote viwili. Juu ya hapo, unaweza kuagizwa urudishe ploti ilivyokuwa ndani ya siku 90. Hebu piga hesabu: umelipa fundi kujenga, kisha unamlipa tena kubomoa.

Lakini sheria hiyo hiyo inakulinda, na hili wengi hatulijui. Ukiwasilisha ombi na siku 60 ziishe bila jibu la maandishi, inachukuliwa kuwa umekubaliwa. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya mipango ya kaunti. Kwa hivyo omba risiti, hakikisha ina tarehe, na uiweke mahali salama. Usikubali kuambiwa "rudi wiki ijayo" mpaka Krismasi.

Kaunti nazo zisijifanye malaika. Kijana anayeongeza chumba kimoja akizungushwa kutoka dirisha hili hadi lile, kisha adokezewe habari ya chai, atarudi tu kwa fundi wa wikendi. Bandikeni ada zote ukutani, kila mtu azione. Afisa wa mipango awe na siku yake inayojulikana ya kufika kwenye wadi. Kuchora X ni rahisi. Kumwelekeza mtu kabla hajanunua mawe ndiyo kazi.

Wewe nawe fanya upande wako. Tafuta mchoraji aliyesajiliwa, si rafiki mwenye programu kwenye simu. Acha sehemu ya nyasi, hata kama gari moja litakosa nafasi. Chimba mtaro, weka tangi la maji ya paa.

Na kabla fundi hajainua nyundo, vuka upande wa pili, ubishe hodi kwa jirani na umuulize: mvua ikinyesha, maji yangu yatapita wapi? Akikosa jibu, na wewe pia huna, basi hujawa tayari kujenga.