Safu ya Malezi: Pete Kabla ya Chanda



Ndugu wasomaji, katika mitaa yetu ya Madinat Sultan Qaboos si ajabu jioni kumsikia mtoto akijifunza fidla, piano au udi nyuma ya dirisha lililofungwa. Zipo nyumba zisizoridhia ala za muziki, nazo zina heshima yake. Maneno ya mwezi huu yanawahusu vijana ambao wazazi wao wameridhia, na zaidi ya kuridhia, wamelipa.

Zamani kwetu mzigo huu haukubebwa na baba na mama peke yao. Wazee husimulia kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim Misri kujifunza ganuni. Chama cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905, muziki ukawa shughuli ya wanachama kwa pamoja. Hapa Oman, Marehemu Sultan Qaboos aliamuru mwaka 1985 iundwe Okestra ya Kifalme ya Simfoni. Vijana wa Kiomani walichaguliwa, wakapewa walimu na ala, na mwaka 1987 wakapiga mbele ya watu. Katika hali hizo aliyegharimia alijulikana, na shukrani zake zilitolewa hadharani.

Mzazi wa leo hugharimia kimya kimya. Fidla ya mtoto hukua pamoja naye: huanza na ya robo, ikafuata ya nusu, kisha ya robo tatu, mpaka afikie ile kamili. Kila hatua ni ununuzi mpya. Bado nyuzi zinazokatika, ada ya mwalimu, na saa za kungoja ndani ya gari mpaka somo limalizike. Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Mzazi anayenunua ala huvisha pete kabla chanda hakijaonyesha wema wake.

Basi kijana, ukitaka kushukuru, anza kwa kuitunza. Usiiache fidla wala udi ndani ya gari wakati wa kiangazi cha Muscat, ambapo joto hupita nyuzi 40 hata kivulini. Gundi hulainika na mbao huachana. Usiiweke pia mbele ya kiyoyozi, kwani ukavu hupasua mbao. Ukimaliza kupiga, legeza upinde na ufute vumbi la ulimbo. Dakika mbili hizo humwambia mama yako kwamba unajua fedha zake zilitoka wapi.

Pili, wapigie waliokununulia. Jumba la Opera la Kifalme, lililofunguliwa mwaka 2011, liko ng'ambo tu ya barabara kuu, na kila mwanafunzi ana haki ya kuliota. Lakini wasikilizaji wako wa kwanza wako sebuleni. Bibi asiyejua nota anaijua taarabu. Jifunze wimbo mmoja anaoupenda, umpigie angali hai.

Tatu, fidla uliyoizidi kimo usiiache ikapigwa na vumbi juu ya kabati. Waombe wazazi ruhusa ufikiriwe mdogo wako, au mtoto wa jamaa huko Zanzibar, ambako tangu 2002 kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi na vijana wenye hamu kubwa kuliko uwezo.

La nne ndilo zito. Moyo wako ukihama, sema. Kuendelea kulipiwa masomo huku ala haifunguliwi ni kuwakosea wazazi kuliko kuacha. Nanyi wazazi, msiifanye bei kuwa bakora. Mtoto anayekumbushwa kila siku riali zilizotumika hupiga kwa hofu, na hofu ikizidi hujifunza kuficha. Mlitoa zawadi; ikigeuzwa deni, haitakuwa tena zawadi.

Katika Sura ya Luqman, aya ya 14, kuwashukuru wazazi kumetajwa pamoja na kumshukuru Mwenyezi Mungu. Hakuna wimbo utakaolipa fadhila hiyo yote, wala wazazi hawakudai ilipwe. Wanachongoja ni kusikia kwamba imeonekana. Basi jioni ya leo, kabla ya kufungua kasha la ala yako, mfuate baba, mfuate mama, umwambie ahsante.

Wabillahi tawfiq.