Nani Ameifunga Kufuli Mota ya Feni?

Leo nimeandika nikiwa na hasira kidogo, kwa hivyo nivumilieni.

Watu wananiuliza kila mara kuhusu hizi feni mpya za dari, zile zinazokuja na rimoti na karatasi ya kujisifu kwamba zinakula stima kidogo. Je, ni kweli au ni porojo za wauzaji? Jibu langu ni fupi: ni kweli kabisa. Na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Zingekuwa takataka ningezipuuza nikaendelea na kazi zangu.

Tuanze na feni ya zamani, maana usipoielewa hiyo utadhani nalalamika bure.

Feni ya kawaida ya dari (watu wa Pwani wanaiita panka) ni mota iliyogeuzwa nje ndani. Katika mota nyingi kitu cha katikati ndicho kinachozunguka. Kwenye feni ya dari cha katikati kimefungwa imara kwenye bomba linaloning'inia, na ganda la nje ndilo linalozunguka likiwa limebeba mapanga yake. Katikati kuna mabati membamba ya chuma yaliyopangwa pamoja na kuzungushiwa koili za waya wa shaba. Muundo mmoja unaojulikana sana na mafundi una koili 14 upande wa ndani na 14 upande wa nje. Kundi moja linapata stima moja kwa moja, la pili linaipata kupitia kapasita, mara nyingi ya maikrofaradi 2.5 hivi. Kazi ya kapasita ni kuyaachanisha hayo makundi mawili kwa wakati, yasivute pamoja. Matokeo yake, nguvu ya sumaku inakuwa kama inazunguka, na ganda linaifuata.

Hesabu yake ni rahisi. Zidisha 120 kwa 50 (stima yetu ina mizunguko 50 kwa sekunde), kisha gawanya kwa idadi ya ncha za sumaku. Ncha 14 zinakupa mizunguko 428 kwa dakika, ncha 16 zinakupa 375. Ndiyo maana feni haihitaji gia. Aliyeisanifu alipanga kasi yake kwa kuhesabu koili tu. Mimi huona huo ni usanifu wa kupendeza sana.

Lakini kuna ubaya. Ganda halina sumaku yake lenyewe, lina vyuma na alumini tu. Linapata usumaku kwa kuachwa nyuma kidogo na ile nguvu inayozunguka. Likiifikia kabisa, halivutwi tena. Kwa hivyo ni lazima lichelewe, na kule kuchelewa kunalipiwa kwa joto. Gusa feni iliyokesha inazunguka (izime kwanza!) utaelewa pesa zako zinaenda wapi. Feni ya namna hii, ile ya upana wa milimita 1200, hula wati 70 hadi 80.

Hata hivyo ina jambo moja ambalo sisi waandishi wa programu tunapaswa kuliheshimu. Mota hii ni chanzo huria kwa asili yake. Hakuna siri ndani. Fundi wa kando ya barabara anaifungua, anakata koili zilizoungua, anahesabu mizunguko ya waya, anapima unene wake, anasuka upya, anapaka vanishi na kurudisha. Kapasita ikifa anabadilisha kwa bei ya chai na mandazi. Hajawahi kuomba ruhusa ya kampuni. Hajawahi kuhitaji neno la siri.

Sasa njoo kwenye feni mpya. Hapa ganda limebandikwa sumaku za kweli, mara nyingi za ferrite, ambazo hazihitaji yale madini adimu yanayogombaniwa duniani. Katikati kuna meno, kila jino na koili yake fupi. Pembeni kuna bodi. Bodi inageuza stima ya ukutani kuwa umeme wa moja kwa moja, na transista sita zinaamua koili zipi zipewe umeme na kwa wakati gani. Nani anaziamrisha hizo transista? Maikrokontrola, yaani tarakilishi ndogo kuliko ukucha, na ndani yake kuna programu.

Na hiyo programu ni tamu, wacha niseme ukweli. Inapaswa kujua sumaku ziko wapi kila wakati, lakini mara nyingi haina kifaa chochote cha kutazama. Inafanya nini? Inasikiliza. Sumaku inapopita kwenye koili isiyopewa umeme huzalisha volti kidogo ndani yake, na programu inaisoma volti hiyo na kujua zamu ijayo ni ya nani. Feni ikiwa imesimama hakuna volti ya kusikilizwa, basi programu inaanza kama kipofu: inasukuma polepole kwa kukisia, ganda likishika mwendo ndipo inaanza kusikiliza. Hakuna kuchelewa, hakuna joto la bure. Hewa ileile, wati 28 hadi 35.

Tupige hesabu ya mtu wa Mombasa au Kisumu ambaye feni yake inafanya kazi saa 12 kwa siku. Tofauti ya wati 45 ni uniti 197 kwa mwaka. Tuseme uniti ni shilingi 25, hizo ni karibu shilingi 4,900, kwa feni moja. Ukiwa na feni tatu nyumbani fanya hesabu mwenyewe.

Kuna zaidi. Feni ni mzigo wa ajabu: ukipunguza kasi kwa nusu, nguvu inayohitajika kusukuma hewa inashuka hadi karibu sehemu moja kwa nane. Kile kisanduku cha zamani cha ukutani hakikukuruhusu kufaidi hilo vizuri, kwa sababu stima iliyokatwa kwenye feni ilibaki humo humo ndani ya kisanduku ikiwa joto. Feni ya programu inakupa usingizi wa usiku mzima kwa wati chache sana.

Wahindi waliliona hili mapema. Mwaka 2012 wahitimu wawili wa IIT Bombay, Manoj Meena na Sibabrata Das, walianzisha Atomberg, kampuni iliyokuja kujulikana kwa feni za namna hii. Tangu Januari 2023 serikali ya India inalazimisha kila feni ya dari iwe na lebo ya nyota inayopima hewa inayotolewa kwa kila wati. Vijana wenye digrii waliangalia kitu kinachoning'inia juu ya kitanda cha kila mtu wakaona kazi.

Sisi tunaangalia nini? Nitalirudia hilo baadaye. Kwanza kufuli.

Shangazi yangu anaishi Mombasa. Alinunua feni mbili mpya kwa pesa nzuri. Siku moja stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo kama ilivyo kawaida yake, na feni moja ikanyamaza. Dukani (silitaji) wakamwambia bodi haiuzwi peke yake, anunue feni nyingine. Akamwita fundi ambaye amemsukia feni zake miaka yote. Fundi akafungua, akapima, akasema: "Mama, hii mota ni nzima. Koili nzima, beringi nzima. Lakini hapa sina la kufanya." Bodi ilikuwa imezikwa ndani ya gundi nyeusi ngumu kama jiwe. Nilipoichimbua mimi mwenyewe nikakuta jina la maikrokontrola limekwanguliwa. Na hata ningelijua, kampuni nyingi hufunga chipu ili programu isisomeke.

Fikirieni. Shaba nzima, sumaku nzima, chuma kizima, vyote vimekuwa pambo la dari kwa sababu ya kitu kidogo ambacho huenda ni transista moja. Feni ya zamani ilikula stima nyingi, lakini iliishi miaka ishirini mikononi mwa mafundi. Hii inakuokolea shilingi 4,900 kwa mwaka halafu inakudai zote siku moja.

Najua kuna watakaonijibu. Wa kwanza atasema ile programu ni siri ya biashara. Siri gani? Mbinu nzuri zaidi ya kuendesha mota za aina hii, ile ya kuugawa mkondo wa umeme katika sehemu mbili na kuzitawala kila moja peke yake, ilitangazwa na Mjerumani Felix Blaschke mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo Benjamin Vedder wa Sweden ametoa VESC, bodi na programu yake, kila mtu asome. Kuna SimpleFOC, ambayo mwanafunzi mwenye Arduino anaweza kuijaribu jioni moja. Hakuna kilichofichwa ndani ya ile gundi ambacho dunia haikijui. Kufuli ile inalinda mauzo ya feni ya pili, basi.

Wa pili atasema gundi ni ya usalama, inazuia unyevu na hewa ya chumvi. Huyu ana hoja, na Pwani hoja yake ina uzito. Lakini vanishi ya bodi ipo, na inazuia unyevu huku ikimruhusu fundi kuikwangua na kulehemu. Weka bodi kwenye kikopo chenye plagi, nje ya mota. Weka varista ya shilingi chache ipokee kile kishindo cha stima. Uza bodi peke yake. Kampuni inayoweza kuandika programu ya kusikiliza volti ndogo namna ile haiwezi kuniambia kwamba plagi imeishinda.

Lebo za nyota nazo haziulizi swali hili. Zinapima hewa na wati, hazipimi kama kitu kinatengenezeka. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kulazimisha alama ya urahisi wa kutengenezeka kwa simu, kompyuta za mapajani, televisheni na mashine za kufulia. Feni hazimo, nadhani kwa sababu kwao si kitu cha maisha na usingizi kama kwetu. Basi hilo ni letu kulidai.

Wa tatu ndiye anayeniudhi kuliko wote, kwa sababu ni mwenzangu. Anasema: Kenya hatuwezi kutengeneza mota, achana na ndoto. Ni kweli mabati ya chuma cha umeme, sumaku na chipu tutaagiza nje. Lakini usanifu si chuma. Kuamua meno mangapi, waya wa unene gani, mizunguko mingapi, bodi ya namna gani na programu inayojua kuwa stima ya huku hupandapanda, hayo yote yanafanyika mezani. Kusuka nako ni rahisi kuliko zamani: koili za jino mojamoja hazihitaji ustadi wa yale makundi mawili yanayopishana. Kule Gujrat, Pakistan, karakana ndogondogo zimeufanya mji ujulikane kwa feni. Zina tofauti gani na Kariobangi Light Industries? Na hapa Nairobi tayari kuna bodaboda za umeme zinazounganishwa, zenye mota za ukoo huu huu wa sumaku na transista sita. Anayeweza kushika mota ya kumpandisha mtu mlimani hatashindwa na ya kupunga hewa.

Nilisomea sayansi ya kompyuta miaka minne. Katika miaka hiyo minne sikuandika mstari mmoja uliozungusha kitu. Tulijifunza kuhifadhi majina ya wateja kwenye hifadhidata, na ndicho tunachofanya mpaka leo: app ya mikopo, app nyingine ya mikopo, halafu app ya kulinganisha app za mikopo. Juzi jamaa mmoja alinipa kazi ya "feni janja", akitaka mtu aizime kwa simu kupitia intaneti. Nikamuuliza mota yake ni ya aina gani. Hakujua. Ilikuwa ile ya kuchelewa, ya wati 75, na alitaka kuiongezea Wi-Fi inayokula stima hata feni ikiwa imezimwa!

Wenye sola wanaibiwa mara mbili. Paneli inatoa umeme wa moja kwa moja, betri inauhifadhi hivyo hivyo. Kisha wanauziwa inveta ya kuugeuza uwe kama wa ukutani, halafu bodi ya feni inaugeuza tena kuwa wa moja kwa moja, nyingi kati yao kwa volti 24 tu! Kila mgeuzo una hasara yake. Feni yenye plagi na bodi inayofunguka ingefungwa kwenye betri bila safari hiyo yote, kama tu mtu angeruhusiwa kujua waya upi ni upi.

Kwa hivyo nimeanza kufuata hizo waya mwenyewe. Nimeshachora saketi ya bodi ya shangazi, isipokuwa upande wa chipu iliyokwanguliwa, na mota yake nimeizungusha mezani kwa bodi ya STM32 na programu huria. Bado inatetemeka inapoanza, na ikiwekwa mapanga inashindwa kushika mwendo mara moja kati ya tano. Nikiitatua nitaweka hapa mchoro na programu yote, bure, pamoja na orodha ya vipuri. Wenye bodi zilizokufa msizitupe, hasa zile za gundi nyeusi. Na mafundi mnaosoma hapa, nielezeni mnavyoipasua gundi hiyo bila kung'oa njia za shaba, maana mimi nimeshaharibu mbili.