Nyanya Chini ya Upenu

Baina ya maarifa yanayoenea siku hizi katika miji yetu midogo, na ambayo wengi huyapokea ama kwa shangwe isiyo na hadhari ama kwa dharau isiyo na hoja, umo ufundi wa kupanda nyanya kichwa chini. Ndoo ya lita 20 hutobolewa tundu kitakoni, mche uliotolewa kitaluni ukapitishwa taratibu hata mizizi ikabaki ndani na majani yakaning'inia nje, tundu likazibwa kwa kitambaa ili udongo usimwagike, kisha ndoo ikajazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza na kutundikwa kwa waya imara. Rai yangu ni kwamba ufundi huu una manufaa ya hakika kwa mpangaji wa Turwa, hapa Tarime, asiye na ardhi hata ya kutandika mkeka. Ila manufaa hayo hayatoki pale wanapodai wanaousifu.

Husemwa kwamba mmea uliopinduliwa huzaa zaidi kwa kuwa maji na chakula huyateremkia matunda bila taabu. Kauli hiyo haina msingi, kwani maji huvutwa kutoka mizizini na majani yenyewe yanapotoa mvuke hewani, wala mvuto huo hauhitaji msaada wa mteremko. Aidha, mmea haukubali kupinduliwa: Charles Darwin na mwanawe Francis, katika kitabu walichokitoa mwaka 1880 kuhusu mwendo wa mimea, walieleza kwa majaribio mengi jinsi mche unavyoufuata mwanga na jinsi mzizi unavyoufuata mvutano wa dunia, na yeyote atakayetundika nyanya ataliona shina likijikunja kuelekea juu, hata uzito wa matunda ulirudishe chini.

Manufaa yenyewe yako katika ukavu wa jani. Adui mkubwa wa nyanya katika vilima vya Tarime, aghalabu, si ukame bali ni unyevu. Maana ugonjwa wa baka jani chelewa, ambao ndio ule ule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, hushika majani yaliyolowa na kukaa na maji kwa saa nyingi, na ndiyo sababu nyanya huadimika sokoni wakati wa masika ilhali mboga nyingine zimejaa tele. Nyanya iliyotundikwa chini ya upenu wa bati hunyweshwa kwa juu, udongo ukanywa, jani likabaki kavu mvua inyeshe itakavyo. Fauka ya hayo, mwenye ndoo huchagua udongo wake, akauepuka ule uliowahi kuoteshwa nyanya, viazi mviringo au bilinganya, na kwa hivyo akauepuka mnyauko bakteria, ambao ukishaingia ardhini hukaa miaka. Kuku na mbuzi nao hawaifikii. Kantangaze, yule nondo aliyetoka Amerika ya Kusini, huifikia popote ilipo, na mwenye kutundika asijidanganye kwamba amemkimbia.

Lipo jambo moja ambalo wenye kuueneza ufundi huu hawalitaji, kwa sababu wengi wao wanakaa Marekani na nchi nyingine za kaskazini, ambako jua la adhuhuri halimkai mtu utosini. Sisi tupo takriban digrii moja na theluthi tu kusini mwa Ikweta. Hapa jua la saa sita hukaribia kusimama juu ya paa, na ndoo huutia kivuli mmea wake yenyewe, mbali na kivuli cha upenu. Kadhalika, jua hilo huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hata Septemba, na upande wa kusini miezi iliyobaki, hata ukuta uliopata mwanga Juni ukaukosa Desemba. Kwa hiyo mahali pa kutundika ni ukingo wa upenu utazamao mashariki, ambao hupata jua la asubuhi mwaka mzima likiingia kwa ubavu.

Ndoo iliyojaa udongo uliolowa huweza kupita kilo 25, na mzigo huo hautundikwi kwenye ubao ulioliwa na mchwa, juu ya mahali wanapochezea watoto. Ndoo hukauka upesi kuliko shamba, na mmea ukiachwa na kiu leo na kugharikishwa kesho, matunda huoza kitako kwa kukosa kalsiamu, ambayo husafiri na maji. Katika tambarare za wilaya ya Serengeti, ambako mvua ni chache kuliko vilimani, pengine itabidi kunywesha asubuhi na jioni. Aina fupi kama Tanya zafaa kuliko zile zirefukazo. Na mwenye kipande cha ua, hata kiwe kidogo namna gani, bora aisimamishe ndoo yake ardhini, chini ya upenu ule ule, apate ukavu bila mzigo wa kutundika.

Basi nawaomba wenye nyumba wa Turwa, ambao wengi huwakataza wapangaji kugongomea hata msumari, wawatilie kulabu imara kwenye boriti za upande wa mashariki, na wajengao sasa waziweke kabla bati halijapigwa. Nawaomba kadhalika mabwana shamba, ambao hodi zao aghalabu huishia kwa mwenye ekari, wapite pia katika nyumba za kupanga, kwa maana mama anayenunua fungu la nyanya kila jioni naye ni mkulima akipewa mahali.