Fundi Asiyekukatalia Hakufai

Nitasema wazi, na wa kukasirika akasirike: ukitaka ubao wa kuteleza kwenye mawimbi makubwa ya kipupwe, usikimbilie fundi mwenye jina. Mtafute fundi anayeweza kukukatalia.

Naishi Cape Town, na kila Mei naona mchezo uleule. Baridi ikibisha hodi, wasee waliojifunza kwenye mawimbi mapole ya kiangazi wanaanza kuota makubwa. Mtu anafungua simu, anaona ubao wa bingwa fulani, anatuma doo. Urefu? Kama wa bingwa. Unene? Kama wa bingwa. Anachochagua mwenyewe ni rangi tu. Naye fundi anajibu: "Sawa, bosi."

Hiyo "sawa" ndiyo naipinga. Sisi tumekulia kwa mafundi wa "hakuna shida". Fundi wa nguo akikwambia hakuna shida, utaenda harusini na suruali fupi, watu watacheka, maisha yataendelea. Baharini ni hadithi nyingine, bana.

Huku, Juni hadi Agosti, dhoruba za bahari ya kusini hutuma mawimbi kutoka mbali sana. Pale Dungeons, nje ya Hout Bay, yanakuta mwamba na kuinuka kupita nyumba ya ghorofa. Si kama sehemu nyingi za Pwani yetu, ambako matumbawe huyavunja mawimbi kabla hayajafika ufuoni. Wimbi kubwa lina mbio, kwa hiyo lazima ulale juu ya ubao, upige maji kwa mikono na kulidaka mapema, kabla halijasimama wima. Ukichelewa, mnaanguka pamoja. Ndiyo maana ubao wake huwa mrefu, futi 9 hata 10, mwembamba, umechongoka pua na mkia ili ushike maji. Tena huongezwa faibaglasi uwe mzito na imara, maana ubao mwepesi hurushwarushwa na upepo.

Sasa niambie: bingwa wa kilo 75 anayeingia majini kila siku, na wewe wa kilo 90 unayekaa ofisini hadi Ijumaa, mtatumiaje kipimo kimoja? Na ile suti nene ya mpira ya kuzuia baridi ya Atlantiki, inayokuchosha mabega, nani ameihesabu?

Kuna wanaosema eti programu za simu zinatosha: weka uzito wako, upewe lita. Lita ni mwanzo tu. Mbao mbili zenye lita sawa zinaweza kutembea tofauti kabisa, kwa sababu lita hazikwambii unene umewekwa wapi wala pua imepinda kiasi gani. Na programu haijui kama umewahi kuzamishwa na wimbi ukabaki chini ukihesabu sekunde.

Wengine watanijibu kwamba jina kubwa halikuja bure. Kweli. Spider Murphy wa Durban alimchongea mbao Shaun Tomson, bingwa wa dunia wa 1977. Lakini hao walijuana. Fundi alimjua mtu wake na mawimbi aliyokuwa akiyaendea. Ukinunua jina bila mazungumzo, umenunua stika.

Basi nenda karakana, usiagize kwa simu. Msikilize fundi kabla hujamwonyesha pesa. Anakuuliza uzito, umri, unaingia majini mara ngapi kwa wiki? Anataka kuona ubao unaoutumia sasa, aukague umevunjikavunjika wapi? Anakuuliza ni wimbi gani hasa, au kwake kubwa ni kubwa tu? Nawe muulize: nani anatumia mbao zako kwenye wimbi hilo, na naweza kuongea naye? Akianza kuzungukazunguka, aga uondoke.

Ila yule atakayekutazama na kusema, "Wewe bado. Nikuchongee kwanza wa futi 8, umalize nao msimu huu mahali padogo, kisha urudi tuongee," huyo amekataa pesa ya oda kubwa ili urudi nyumbani mzima. Usimnunie. Mwachie arbuni leo leo, kabla daftari lake halijajaa.