Msomaji wa Kwanza Alikuwa Mkuu wa Gereza

NG'AMBO YA SONGWE
Na Tusajigwe Mwaisumo, Ndandalo

Riwaya ya Shetani Msalabani ya Ngugi wa Thiong'o ni tashtiti ya utajiri iliyojaa damu, na tangu itoke wasomaji wake hawajawahi kuafikiana juu yake. Ilitoka kwanza kwa Kikikuyu, Aprili 1980, kwa jina la Caitaani Mutharaba-ini. Tafsiri za Kiingereza na Kiswahili zikafuata mwaka 1982. Wapo walioicheka mpaka wakashika mbavu. Wapo walioiona ni kufuru, wapo walioiita hotuba ya siasa iliyovishwa kanzu ya hadithi, na wapo walioiona ni hatari kwa dola. Ladha ya msomaji peke yake haielezi tofauti hizo. Kilichoamua zaidi ni mahali alipokaa: mezani kwenye karamu inayosimuliwa, au jikoni, au nje kabisa ya uzio.

Kiini cha kitabu ni mashindano. Katika pango moja la Ilmorog, wezi na wanyang'anyi wa kisasa wanakutana kuchagua mabingwa saba, mbele ya wageni waalikwa kutoka nchi tajiri waliovaa mataji. Kila mshindani anapanda jukwaani na kujieleza: ana magari mangapi, ana vimada wangapi, na mali hiyo aliipataje. Gitutu wa Gataanguru, aliyetajirika kwa kuuza ardhi, ana wazo la kuwauzia wakulima udongo kwenye vyungu na hewa kwenye makopo. Kihaahu wa Gatheeca anasimulia alivyofungua shule ya chekechea ikakosa watoto. Akamtafuta bibi kizee wa Kizungu awe sura ya shule, akanunua na sanamu za dukani za watoto wa Kizungu zionekane kwa mbali zikicheza. Wazazi wakamiminika, ada ghali wakalipa. Nditika wa Nguunji, mlanguzi wa chakula, anatamani sayansi impatie tajiri mdomo wa pili na tumbo la pili ili ale maradufu. Mkewe anapotaka naye apate viungo viwili viwili, Nditika anakuja juu. Kimeendeeri wa Kanyuanjii anawapita wote: anapanga shamba lililozungushiwa seng'enge, ambamo mitambo itawakamua wafanyakazi jasho, damu na ubongo, kisha bidhaa hiyo isafirishwe nje kwa mabomba.

Nje ya pango yuko Jacinta Wariinga, karani wa kupiga chapa. Akiwa mwanafunzi alipewa mimba na tajiri mzee wa Ngorika, akatelekezwa. Baadaye akafukuzwa kazi kwa kumkataa bosi wake. Mwisho wa riwaya Wariinga ni fundi wa magari aliyechumbiwa. Siku ya kutambulishwa ukweni anakuta kwamba baba wa mchumba wake ni yule yule mzee wa Ngorika, anatoa bastola na kumpiga risasi. Karibu kila ubishi juu ya kitabu hiki huishia kwenye bastola hiyo.

Msomaji wa kwanza alikuwa mkuu wa gereza. Ngugi alikamatwa tarehe 31 Desemba 1977, baada ya tamthilia ya Kikikuyu aliyoiandika na Ngugi wa Mirii, Ngaahika Ndeenda, kupigwa marufuku huko Limuru. Aliwekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kufikishwa mahakamani, akaachiwa tarehe 12 Desemba 1978. Humo ndani aliiandika riwaya kwenye karatasi za chooni. Neno la Kikikuyu lilipomtatiza aliwadodosa wafungwa wenzake na hata askari, nao wakamsaidia bila kujua wanasaidia nini. Siku moja selo ilipekuliwa na mswada ukachukuliwa. Ulirudishwa baada ya majuma kadhaa, na kwa maelezo ya Ngugi mwenyewe katika kumbukumbu zake za kizuizini, mkuu huyo hakuona ubaya wowote ndani yake. Alilalamikia ugumu wa Kikikuyu tu. Mtu aliyeshika funguo za gereza aliona msamiati, hakuona shamba la seng'enge.

Wasomaji waliofuata walikuwa wasikilizaji. Mchapishaji, Heinemann ya Nairobi chini ya Henry Chakava, alitoa nakala 5,000 akitarajia ziuzike kwa miaka mitatu hadi mitano. Zilikwisha ndani ya mwezi mmoja. Hadi Desemba 1980 nakala zilizochapwa zilifika 15,000, kiwango ambacho hata riwaya za Kiingereza hazikuwa zimekifikia nchini Kenya kwa muda kama huo. Idadi hiyo bado haionyeshi wasikilizaji wote, maana nakala moja ilihudumia kundi zima. Katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, Ngugi anaeleza kwamba jioni familia zilimkalisha aliyejua kusoma awasomee wengine, na wafanyakazi walifanya hivyo hivyo saa ya chakula cha mchana. Kitabu kilisomwa ndani ya mabasi, teksi na baa.

Huko baa ndiko kulikozuka kazi mpya. Mtu aliwasomea wanywaji kwa sauti mpaka afike penye utamu, kisha ghafla akagundua kwamba glasi yake ni tupu. Kitabu kikafungwa. Wasikilizaji wakampigia kelele mwenye baa amletee chupa nyingine, msomaji akaendelea mpaka glasi ikauke tena, na tena penye utamu. Hadithi iliyomkejeli anayegeuza kila kitu kuwa bidhaa ikawa yenyewe inauzwa kwa kipimo cha bia, na hakuna aliyenung'unika.

Kicheko cha baa hizo kina mizizi ambayo msomaji wa Kiswahili anaitambua upesi. Mwanafunzi wa sekondari Tanzania hufundishwa majigambo: mtu hujitapa mbele ya hadhara kwa aliyoyatenda, vitani au kazini, na jamii humshangilia. Wezi wa Ilmorog wanajitapa kwa mtindo huo huo, ila sifa imekaa mahali pa aibu. Hawasutwi na mtu. Wanajisuta wenyewe kwa vinywa vyao huku wakidhani wanajipamba. Aliyelelewa kwenye masimulizi ya mdomo hahitaji kuelezwa kwamba midomo miwili ya Nditika ni chuku. Anajua chuku ni nini, na anajua imekusudiwa nani.

Wasomaji wa dini waligawanyika. Katika njozi ya Wariinga anayesulubiwa ni Shetani, na baada ya siku tatu wafuasi wake wenye suti na tai wanakuja kumshusha msalabani. Aliyesoma haraka aliona Injili inachezewa. Aliyesoma kwa utulivu aliona lawama ikiwaendea waumini wanaoukemea uovu Jumapili na kuufufua Jumatatu. Tofauti hiyo inaeleweka vizuri wilayani Kyela, mpakani mwa Tanzania na Malawi, ambako Walutheri na Wamoraviani wamekuwa wakisikia Maandiko yakisomwa kwa sauti tangu misheni zifike Unyakyusa mwaka 1891. Sikio lililozoea mifano ya Yesu halishtushwi na mfano mkali. Huuliza umeelekezwa kwa nani.

Wahakiki nao wana malalamiko yao. La kwanza ni kwamba wahusika ni vikaragosi: tajiri ni tumbo tu, mfanyakazi ni fadhila tupu. La pili ni kwamba msimulizi anahubiri mno. La tatu linahusu bastola: mwandishi anayetaka umoja wa wafanyakazi na wakulima amemwachia mwanamke mmoja alipize kisasi peke yake, kisha akamwacha anatembea bila mchumba na bila kundi. Malalamiko mawili ya mwanzo yana nguvu kidogo, kwa sababu yanaipima tashtiti kwa rula ya riwaya ya uhalisia. La tatu ni zito. Risasi inamwondoa mzee mmoja wa Ngorika. Pango linabaki na washindani wake. Msomaji anayefunga kitabu akiwa ameridhika amepewa kisasi, hajapewa jibu.

Wakubwa waliingia kwa njia nyingine. Chakava alitishwa kwa simu kwa kosa la kumchapisha Ngugi kwa Kikikuyu, kisha akavamiwa na watu wenye mapanga waliomjeruhi vibaya kidole. Ngugi alibaki uhamishoni kuanzia mwaka 1982. Riwaya yake iliyofuata, Matigari, ilitoka Kenya mwaka 1986, ikisimulia mpiganaji anayerudi kutoka msituni na kuzunguka nchi akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Kufikia Januari 1987 taarifa za usalama zilidai kwamba kuna mtu aitwaye Matigari anayepita vijijini akiuliza maswali hayo. Ikatoka amri akamatwe. Ilipobainika kwamba anaishi ndani ya kitabu tu, kikakamatwa kitabu chenyewe: Februari 1987 polisi walizoa nakala kutoka maduka ya vitabu. Mkulima aliyezungumza juu ya Matigari kijiweni alijua anazungumzia hadithi. Msomaji aliyeshindwa kutenganisha hadithi na mtu halisi alikuwa serikali.

Kusini, ng'ambo ya Mto Songwe, mlango ulifungwa mapema zaidi. Malawi ya Kamuzu Banda ilikuwa na sheria ya udhibiti tangu 1968. The Detainee, riwaya ya 1974 ya Legson Kayira, mzaliwa wa kaskazini mwa nchi hiyo, ilipigwa marufuku. Mshairi Jack Mapanje aliwekwa kizuizini bila mashtaka kuanzia 1987 hadi 1991. Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Karonga wanasikilizana lugha, wanaoana na kuzikana. Lakini kitabu kilichosomwa bila wasiwasi upande mmoja wa mto kingeweza kumponza mwenyewe upande wa pili.

Tanzania ilichukua njia ya tatu: kukizuia kitabu, kisha kukizoea. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, iliondolewa shuleni kwa kuonekana inaharibu maadili, na baadaye ikarudi darasani kama kitabu cha kiada. Riwaya yake ya 1975, Dunia Uwanja wa Fujo, inakaribiana zaidi na bastola ya Wariinga, ila imegeuzwa. Tumaini anaitapanya mali ya urithi kwa anasa, anatulia na kuwa mkulima mkubwa, kisha siasa ya Ujamaa inalifikia shamba lake. Anamuua kiongozi wa serikali, naye ananyongwa. Wasomaji wengi walikumbuka Isimani, Iringa, ambako tarehe 25 Desemba 1971 mkulima Saidi Mwamwindi alimuua Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu. Kwa Ngugi risasi inatoka kwa aliyenyang'anywa kwenda kwa tajiri. Kwa Kezilahabi inatoka kwa mwenye mali kwenda kwa serikali. Waliozisoma zote mbili walilazimika kuuliza jeuri inaanzia kwa nani, na jibu moja halikutosha vitabu vyote viwili.

Shetani Msalabani ilipotoka kwa Kiswahili mwaka 1982, Tanzania ilikuwa kwenye foleni ya sukari na sabuni, na mwaka uliofuata ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Maneno ya kumwita Nditika yalikuwa tayari midomoni mwa watu: mlanguzi, mhujumu, mtu wa magendo. Katika wilaya ya mpakani kama Kyela hayakuhitaji kamusi. Hapo ndipo chuku ya kitabu inapopungua makali. Aliye mbali na mzani huona mabomba ya Kimeendeeri kuwa ndoto ya mwandishi mwenye hasira. Mkulima wa mpunga au kakao, anayeuza wakati wa mavuno kwa bei asiyoipanga na kununua chakula wakati wa njaa kwa bei asiyoipanga pia, huona hesabu anayoijua, iliyoandikwa kwa wino mwekundu.

Ngugi alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na miaka 87. Katika miaka 45 kati ya kitabu hicho na kifo chake, jeuri iliyomo kwenye kurasa haikukata kidole cha mtu. Panga lililomfikia Chakava lilishikwa na watu waliokerwa na kitabu.